Kware wa Ghorofa ya Tatu

Tarehe 3 Februari

Somo yangu,

Usishtuke. Ni mimi, Mfupi. Miaka thelathini na minane imepita tangu tuagane, na kama umeusahau mwandiko wangu sikulaumu. Leo asubuhi nimemkumbuka mwalimu wetu wa darasa la tatu, aliyechoka kuita jina moja wakainuka wasichana wawili, akaamua kuwa kuanzia siku ile wewe ni Mrefu na mimi ni Mfupi. Wewe ulicheka. Mimi nilinuna wiki nzima.

Anwani yako ya sasa nimeipata mahali pa ajabu. Nilipita kwenye duka la dawa za mifugo nikaona vifaranga vya kware kwenye kizimba cha waya, na mgongoni mwa kizimba kimepigiliwa kibao cha bati chenye jina la karakana, sanduku la posta na namba ya simu. Jina ni letu. Lakini kazi nilikuwa nimeshaitambua kabla ya kusoma, kwa vile ncha za waya zimekunjiwa nje, zisimkwaruze ndege, kisha zikalazwa zisimchome mtu. Hivyo ndivyo baba yako alivyotufundisha. Nilisimama pale mpaka muuzaji akaniuliza kama najisikia vizuri.

Namba ya simu ninayo, ila nikisikia sauti yako sijui nitaanzia wapi. Kwenye karatasi angalau naweza kufuta.

Nimestaafu mwaka jana. Kazi ya kupiga chapa imekwisha, na mashine zenyewe zimekwisha. Nyumba imekuwa kimya mno, Somo. Nikaona nifuge kware kwenye roshani yangu, ghorofa ya tatu, watano tu. Nikanunua kizimba kirefu cha madoido, kina kuba juu na kikengele mlangoni. Siku ya pili tu kware mmoja alishtuka, akaruka juu kama risasi, akagonga kichwa akachunika, na kesho yake akafa. Wanne waliobaki nimewatia kwenye katoni nikawafunika kwa kanga.

Naomba unitengenezee kizimba. Sijui mtu mwingine wa kumwomba. Kiwe na matundu mawili, ili dume nimtenge akianza ubabe.

Sikuandikii kudai majibu ya mambo ya zamani. Lakini sitakudanganya, nayawaza.

Somo yako,
Mfupi


Tarehe 15 Februari

Kwako Somo Mfupi,

Barua yako ilifika, nikauona mwandiko, nikaiweka juu ya kabati la vifaa. Ilikaa siku nne. Siku ya tano nilivua miwani ya kuchomelea nikaifungua, basi nikacheka mpaka mafundi wangu wakazima mashine. Mwenzangu, umewanunulia kware ghorofa! Yaani kuishi kwako juu hakukutosha, ukataka na wao wapande?

Sikiliza. Kware hapai kama njiwa. Akishtuka anajirusha wima, na dari likiwa mbali anapata mwendo wa kujivunja kichwa. Kwa hiyo dari liwe chini, kiasi cha kumfanya asimame na kujinyoosha tu, na ndani nitalitandika kitambaa laini. Sakafu iwe ya waya wa matundu madogo, kinyesi kipite lakini kidole kisizame. Usije ukadanganywa na wavu wa kuku. Panya anapita pale huku anapiga mluzi. Sakafu nitaiinamisha kidogo mbele, mayai yabingirike yenyewe mpaka kwenye kingo uyaokote bila kuwasumbua.

Na hayo matundu mawili! Nilipomsomea fundi wangu akauliza huyo mama anajenga choo cha shule. Sema vyumba viwili, tutaelewana.

Nahitaji vipimo. Mwambie shemeji apime roshani, urefu na upana, anieleze na upepo unatokea upande gani. Msalimie sana. Naamini yeye si mtu wa kuchoka kupanda ngazi, maana alipokuchukua aliona unakotaka kufika.

Ya zamani tuyaache huko huko yaliko.

Mrefu


Tarehe 25 Februari

Somo,

Roshani nimeipima mwenyewe. Urefu ni hatua nne zangu, ambazo najua kwako ni tatu, kwa hiyo nimepima tena kwa futi ya cherehani na nimekuandikia kwenye karatasi ya nyuma. Upepo unatoka kushoto, upande wa ngazi. Jua linaingia asubuhi mpaka saa tano, kisha linahamia kwa jirani.

Kuna neno umeandika halikunipendeza, lakini nimelimeza.

Kware hawa wananirudisha mbali. Wakianza ile sauti yao ya chini chini nikiwa jikoni, najiona niko nyuma ya karakana ya baba yako, tumekaa juu ya magogo, na kile kizimba chetu cha kwanza kiko katikati yetu. Unakikumbuka? Tulikitengeneza kwa meza mbovu tukaigeuza miguu juu, tukaizungushia waya. Mlango ulikuwa kifuniko cha sanduku. Tulikuwa na kware watatu na tuliwapa majina ya walimu. Nilikuwa naficha mayai kwenye mfuko wa sare, na siku moja nikayakalia darasani. Ulinivulia sweta yako nijifunge kiunoni, ukamwambia mwalimu kwamba mimi ndiye ninayesikia baridi.

Na nyuma ya daftari lako la hesabu ulichora vizimba vya kila namna, vya ngazi tatu, vya magurudumu. Tungekwenda mjini, mmoja atangulie kutafuta pa kukaa, mwingine afuate. Mimi nipige chapa mchana, wewe uunde vizimba, jioni tulishe kware wetu. Tulikuwa na miaka ishirini na moja na tulikuwa na hakika na kila kitu.

Nilikupenda sana wakati ule, Somo. Nadhani hukujua.

Mfupi


Tarehe 6 Machi

Somo Mfupi,

Vipimo vimefika, na fremu nimeshaianza. Nimetumia chuma chembamba badala ya mbao, kwa sababu mbao zinanyonya mkojo na baada ya miezi mitatu jirani zako watakuandikia barua zisizo na salamu. Chini nitaweka trei ya bati ya kuvuta kama droo. Chombo cha maji kitakaa nje, kware atoe kichwa anywe, asikanyage na kulowesha chakula.

Wale watatu nawakumbuka. Yule uliyempa jina la mwalimu mkuu ndiye aliyekuwa hatagi. Na ile siku ya sweta, mwalimu hakudanganyika, alituachia tu.

Baba alifariki miaka ishirini iliyopita, karakana ikabaki kwangu. Niliolewa na mwashi, mtu mpole aliyeongea kidogo na kula sana. Naye ametangulia, sasa mwaka wa sita. Watoto wawili, wote wana kwao. Kwa hiyo ule ukimya unaousema naujua, ila mimi nina nyundo za kuufukuza.

Sasa nimekueleza ya kwangu yote, wewe hunielezi la kwako hata moja. Nimemtumia shemeji salamu, hukujibu. Yu hai? Mna watoto wangapi? Au bado ni siri, mtu akifika mjini wenzake hawastahili kujua? Mwanamume wa kukufanya uzisahau ahadi zako kwa wiki tatu tu lazima alikuwa wa maana.

Samahani. Nimesema tuyaache, na mimi ndiye ninayeyachokonoa.

Mrefu


Tarehe 12 Machi

Somo,

Mara ya kwanza nilimeza. Mara ya pili siwezi.

Sijaolewa. Sikuwahi kuolewa, sikuwahi kuchumbiwa, na mji mzima huu unalijua hilo kwa sababu hawakuniacha nilisahau. Ofisini waliniita Bibi Harusi miaka thelathini, kwa kejeli, na nikacheka nao ili nipate kufanya kazi. Sikutarajia kejeli hiyo itoke kwako.

Ahadi gani niliisahau mimi? Nilikwenda kituo cha basi Jumamosi, nikakaa kuanzia saa tatu asubuhi mpaka basi la mwisho. Jumamosi iliyofuata nikarudi. Na ya tatu. Mchoma mahindi wa pale alifika mahali akanipa kiti chake. Wewe ndiye ambaye hukuja.

Kama kizimba hakijaisha, acha. Nitatafuta katoni kubwa zaidi.

Mfupi


Tarehe 19 Machi

Somo,

Nimeisoma barua yako nimesimama, kisha nikakaa chini sakafuni pale pale kwenye vumbi la chuma.

Sikukejeli. Naapa kwa kaburi la baba. Ngoja nikueleze nilivyojua mimi, kisha wewe uniambie.

Ilikuwa Alhamisi. Sanduku langu lilikuwa limefungwa, limekaa mlangoni siku kumi. Nilikuwa nimeshamwambia baba kwamba karakana siitaki, tukagombana hadi mama akalia. Akaja mtu wa posta na simu yako ya maandishi. Ninayo bado. Imekuwa ya manjano lakini inasomeka. Nainakili kama ilivyo: NIMEPATA MCHUMBA NJOO JUMAMOSI.

Maneno manne. Basi nikaona umefika mjini, wiki tatu hazijaisha, umepata mtu, na mimi unaniita Jumamosi nije nimtazame na kupiga vigelegele. Nililifungua sanduku nikarudisha nguo mahali pake. Jumatatu nikaingia karakana, na baba akanipa nyundo.

Baadaye zilikuja barua tatu kutoka kwako. Sikuzifungua. Nilidhani ni habari za harusi. Nilizitia kwenye moto wa karakana, moja moja, kila ilipofika.

Kama hakukuwa na mchumba, uliandika hivyo kwa nini?

Mrefu


Tarehe 25 Machi

Mrefu,

Chumba.

Niliandika NIMEPATA CHUMBA. Ninaikumbuka ile fomu, nilijaza kwa herufi kubwa nikiwa nimeegemea kaunta, na nilikuwa na furaha kiasi kwamba kalamu ilitoboa karatasi. Nimepata chumba, njoo Jumamosi. Nani alikiongezea herufi, wa huku au wa huko, hatutajua. Labda siku hiyo karani alikuwa na harusi ya mdogo wake kichwani. Mimi niliyekula mshahara miaka thelathini kwa kusahihisha herufi za watu wengine, nimeishi maisha yangu yote ndani ya kosa la herufi moja.

Kilikuwa chumba kizuri, Somo. Dirisha lake lilitazama ua wa nyuma, na mwenye nyumba alishakubali tufuge. Niliweka vitanda viwili, chako karibu na dirisha kwa sababu ulikuwa unapenda hewa. Nilikaa navyo mwaka mzima.

Yule karani simlaumu. Herufi inaponyoka, mimi najua. Lakini nimezunguka nyumba siku tatu na jambo moja halitaki kushuka. Barua tatu, Mrefu. Ya kwanza tu ungeifungua, Jumamosi iliyofuata ungekuwa kituoni. Kosa la karani lingeishi siku chache tu. Miaka thelathini na minane hii umeifanya wewe.

Mfupi


Tarehe 2 Aprili

Somo,

Ni kweli. Nilikuwa na kiburi na nilidhani kiburi ni heshima. Ningekuwa nimeachwa na mwanamume ningelia nikanyamaza, lakini kuachwa na wewe sikujua mtu analiaje, basi nikachoma karatasi.

Sitasema miaka ile yote ilikuwa bure, maana mwashi wangu nilimpenda, na watoto wangu siwezi kuwatamani wasiwepo. Lakini yote mawili yananiuma kwa pamoja. Sikujua kama inawezekana.

Nijibu, hata kwa matusi.

Mrefu


Tarehe 23 Aprili

Somo,

Wiki tatu hujajibu. Una haki.

Kizimba kimeisha, nakituma kwa basi la mizigo pamoja na barua hii. Kimefungwa kwa magunia. Dereva ameahidi kukishusha mikononi mwako, na nimemwambia mwenye mzigo ni mfupi lakini mkali.

Kiweke upande wa kushoto wa roshani, kisogo kwa upepo, na sehemu ya nyuma ielekee ukutani ili wajione wana mahali pa kujificha. Trei ivute kila siku. Usifungue mlango wa juu kwa ghafla, gusa kwanza waya kwa kidole wajue ni wewe. Umri wa kutaga wameshaupita, wakizoea kizimba watataga, ila usiwahesabie siku, kware hapendi kuharakishwa. Vile vyumba viwili nimeviwekea mlango katikati, unaufungua na kuufunga utakavyo. Kona zote nimezipiga msasa mwenyewe. Mafundi sikuwaruhusu kugusa.

Naomba kitu kimoja, na ukikataa sitauliza tena. Niambie zile barua zilisema nini.

Mrefu


Tarehe 11 Mei

Somo Mrefu,

Kizimba kilifika. Tuliponyanyua magunia, jirani wa ghorofa ya pili, ambaye hasifu kitu, alitamka neno moja tu: "Fundi." Kware walikaa saa nzima wamejibana nyuma kama ulivyosema, kisha wakaanza kutembea. Leo asubuhi nimekuta yai kwenye kingo, lina madoa kama mtu amelirushia wino. Nililishika likiwa bado na joto, nikaketi juu ya ndoo na kulia sana. Halafu nikatafuta kalamu.

Nilinyamaza kwa sababu nilitaka hasira iishe, na haikuisha, ila imechoka. Ukifika umri wetu hilo nalo ni jambo.

Umeuliza barua zilisema nini. Nazikumbuka, kwa kuwa nilizisoma kichwani miaka mingi nikitafuta neno lililokuudhi.

Ya kwanza ilikuwa ndefu na ya kipuuzi. Ilieleza njia kutoka kituoni mpaka kwenye chumba: upite kiwanda cha sabuni, ukivuke kidaraja, uhesabu milango saba, wa bluu ndio wetu. Nilikuchorea na ramani. Nilisema mwenye nyumba ana mbwa ila hana meno.

Ya pili ilikuwa ya hasira. Nilikuita muoga. Nilisema umemwogopa baba yako. Hiyo nafurahi uliichoma.

Ya tatu ilikuwa mistari michache. Nilisema: Somo, kama nimekukosea sijui kosa langu, lakini niambie nikuombe radhi. Na kama huwezi kuja kukaa, njoo hata siku moja tu, tunywe chai, unione ninapoishi, kisha urudi. Sitakuzuia.

Ndiyo hayo tu. Hakikuwepo kitu cha kuogopa ndani yake.

Mfupi


Tarehe 18 Mei

Somo yangu,

Barua yako ya tatu nimeipata. Imechelewa njiani, lakini imefika, na hii niliifungua kabla mtu wa posta hajageuka.

Nakubali. Nakuja kwa siku moja tu, tunywe chai, nione unapoishi, nirudi. Ukinizuia nitafikiria.

Karakana nimemwachia fundi wangu mkubwa. Nimemwambia nakwenda kukagua kizimba cha mteja, akanitazama kuanzia viatu vipya mpaka kilemba, akasema mteja huyo ana bahati.

Nitapanda basi la alfajiri, tarehe ishirini na tano. Linafika kituoni saa tatu asubuhi, nimeuliza mara mbili. Wewe usije saa tatu, Somo. Lisha kware, vuta trei, oga taratibu, uje saa saba. Nitatafuta pale alipokuwa anakaa yule mchoma mahindi, na kama hakuna kiti nitasimama. Usinionee huruma ukawahi. Nataka nikae pale nikusubiri mimi.

Mrefu